Ukuta Usiopigwa Lipu

Jumatatu, 3 Machi

Nina miaka themanini na moja. Nimeishi kumzidi mke wangu, kumzidi daktari aliyenikataza tumbaku, kuwazidi mameya wanne, kiwanda cha matofali kilichokuwa ng'ambo ya mto, na ghorofa ya benki. Ghorofa ile, siku inazinduliwa, watu wamevaa tai, nilisema haina miaka kumi. Ilikaa tisa. Wakasema mimi mchawi. Uchawi sina, nina macho.

Daftari hili kanipa binti yangu. Kasema, "Baba, andika, umpumzishe kinyozi." Basi naandika. Kusoma nilijifunza ukubwani, kwanza namba, herufi zikafuata, maana nyumba haijengwi kwa herufi. Naandika polepole lakini mstari wangu haupindi. Mwenye kubisha alaze rula juu ya ukurasa huu.

Binti yangu anagombea udiwani wa kata. Ni mkunga. Nusu ya wapiga kura wa hapa aliwashika wakiwa uchi na wakilia, na hakuna mgombea mwingine awezaye kusema hivyo. Anayeshindana naye ni Mkandarasi, ndivyo anavyoitwa na kila mtu, na kabla hajaitwa hivyo alikuwa mwanafunzi wangu, nikimfundisha uashi. Kwa hiyo ashinde huyu au yule, ameshinda wa kwangu. Nimelala vizuri sana jana.

Jumatano, 5 Machi

Mvua imeanza. Goti langu lilitangaza kabla ya redio.

Jumatatu, 10 Machi

Alikuja mtu wa kamera, mpole, viatu vimejaa tope. Akasema anapiga picha za wazee wa kata, zitatoka gazetini. Nikamuuliza mbona hakuanza na mimi. Akacheka. Alitaka kunipiga ndani, nikakataa. Nikatoa kiti changu cha miguu ya chuma, nikakiweka nje upande wa barabarani, mbele ya kipande cha ukuta nilichochagua mwenyewe.

"Piga hapa," nikamwambia. "Huu ndio ulionyooka kuliko vyote."

Alinipiga nikiwa na fulana. Nilimwambia asubiri nivae koti, akasema hivyo hivyo ndiyo vizuri, Mzee, ndiyo uhalisia. Neno hilo sikulipenda, lakini nilinyoosha mgongo.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara hana wateja, kanishinda bao mara moja. Aliiba.

Jumatatu, 17 Machi

Leo nitaandika mpaka kalamu ichoke.

Asubuhi kinyozi alivuka barabara na gazeti amelifunika kwa taulo lisilowe. Kwa kawaida huja akipiga kelele tangu mlangoni kwake. Leo alikuja kimya, nikajua kuna jambo.

"Mzee Timazi," akasema, "umeshakunywa chai?"

"Nimekunywa. Sema."

Timazi ni jina nililopewa na mafundi, kwa ule uzi wenye risasi ninaotembea nao mfukoni kupimia kama ukuta umesimama wima. Kinyozi akaniwekea gazeti magotini. Ukurasa wa nne, ukurasa mzima. Mimi, fulana, kiti cha chuma. Wameitia picha giza hata nikaonekana kama niliyetolewa kwenye shimo. Juu wameandika kwa herufi nene hata mimi nikasoma bila miwani: HUYU NI BABA YAKE. Chini yake: Nyumba haijaisha. Lipu hakuna. Aliyemtupa baba yake atakukumbuka wewe? Na pembeni kabisa, Mkandarasi amevaa kofia ngumu ya kazi, anatabasamu: Chagua anayejenga.

Kinyozi akasema, "Nimesoma mara mbili nikidhani nimekosea."

"Hukukosea. Mgongo wangu umenyooka, umeona?"

"Mzee, wamekuvua nguo mbele ya mji."

"Fulana ni nguo," nikamwambia. Lakini gazeti nililikunja vibaya mara mbili, na aliona, akajifanya hakuona. Ndiyo maana namvumilia pamoja na wizi wake wa bao.

Sasa nieleze nyumba yangu, maana kuna wajinga wanaopita wakidhani ilinishinda. Nyumba hii ilikwisha kabla kinyozi hajaota ndevu. Haikupigwa lipu kwa makusudi. Kila niliyemfundisha uashi, siku ya kuhitimu, nilimpa kipande cha ukuta wa nyumba yangu akijenge peke yake, toka msingi mpaka juu, mimi nimekaa kwenye kiti sisemi neno. Akimaliza natoa timazi. Ukuta ukisimama, amehitimu. Ndicho cheti chake. Mtu akitaka kumpa kazi, anakuja hapa barabarani, anatazama tofali kwa tofali, anaona mkono wa fundi ulivyo. Utauonaje mkono chini ya lipu? Lipu ni ya kuficha, na mimi sikuwa na cha kuficha. Nyumba hii imejengwa na watu kumi na mmoja na kila mmoja yupo pale, wazi, mvua na jua.

Na kile kipande nilichokaa mbele yake, kilichonyooka kuliko vyote, alikijenga Mkandarasi.

Binti yangu alifika jioni akiwa bado na nguo zake za kazi. Mume wake alibaki nje kwenye gari na simu zake mbili, moja kila sikio. Mkwe huyu nilimpa jina la Minara, kwa sababu ya hizo simu.

Binti hakukaa. Akasema, "Leo wodini kuna mama kaniambia nisimguse mwanawe. Kasema mwenye kumtupa baba ana mikono mibaya."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwita mwenzangu amhudumie. Nikaenda kunawa mikono. Sijui kwa nini nilinawa."

Hapo ndipo nilipokasirika. Picha yangu si kitu. Lakini mikono ya mwanangu.

"Kawaambie ukweli," nikamwambia. "Waambie umeniomba nihamie kwako mpaka umechoka, na mimi ndiye niliyekataa, na nitakataa kesho."

"Nikisema hivyo watasema namtupia baba lawama." Akasogea dirishani. "Baba, ule ni ukuta wake. Anaujua, au haujui?"

"Ataujuaje mtu aliyevaa kofia ngumu kwenye picha."

"Niseme?"

"Usiseme. Ukisema ni wake, watadhani unasema ni mbovu."

Akanitazama kama mama yake alivyokuwa akinitazama. Kisha akacheka kidogo, akanioshea kikombe, akaondoka. Minara alikuwa bado anaongea.

Jumatano, 19 Machi

Mvua. Watu wanapita wakipunguza mwendo kuangalia nyumba. Mmoja kaniachia mkate mlangoni kama vile mimi yatima. Nimempa kinyozi.

Ijumaa, 21 Machi

Nilikwenda kliniki ya macho. Foleni ndefu, nikawasimulia habari za ghorofa ya benki, wakaniruhusu nipite mbele. Daktari kasema macho yangu ni ya mtu wa miaka sitini. Nilimwambia sitini ananipendelea.

Nikarudi na mvua nyepesi. Nilipopinda kona nilidhani nimekosea mtaa. Nyumba yangu haikuwepo. Pale ilipokuwa palikuwa na kitu cheupe.

Wameipiga lipu. Upande wote wa barabarani, toka msingi mpaka kwenye paa. Lipu ya haraka, mchanga mwingi saruji kidogo, juu yake chokaa, mvua inainyonyoa na maji meupe yanatiririka barabarani kama maziwa yaliyomwagika. Vibarua wanakusanya ndoo. Na Minara amesimama katikati, suruali ina madoa, uso umejaa furaha.

"Baba mkwe," akasema, "nilitaka ukirudi uikute imekwisha. Mpiga picha yuko njiani. Kesho tunawajibu kwa picha."

Niliingia ndani nikatoa kiti changu, nikakiweka barabarani, nikakaa na mvua ikininyeshea, nikaitazama nyumba. Kinyozi akaja na mwavuli akasimama nyuma yangu.

Minara akaanza kupunguza sauti. "Mzee, kuna tatizo la rangi?"

Binti yangu alipigiwa simu na kinyozi, akaja kutoka mkutanoni, kitambaa cha kampeni bado shingoni. Akashuka garini, akaona, akaweka mkono mdomoni. Kisha akamwendea mumewe, akamwambia kwa sauti ya chini sana, "Umewafuta watu kumi na mmoja."

"Watu gani?"

Akamweleza pale pale kwenye mvua. Nilimwona Minara anavyogeuka rangi. Simu iliita mfukoni mwake na hakuishika. Akaja akachuchumaa mbele ya kiti changu, tope likampanda.

"Hakuna aliyeniambia, Baba. Miaka yote hii nimedhani nyumba ilikwama, na wewe hutaki kusaidiwa. Naapa."

Na hilo ni kweli. Sikumwambia kwa sababu hakuniuliza, na hakuniuliza kwa sababu hatukuwahi kukaa bila simu kati yetu. Nikamwambia ainuke, atapata homa.

Usiku sikulala, lakini sitaandika habari zake.

Jumatatu, 24 Machi

Tangazo la pili. Picha mbili safari hii, nyumba kabla na nyumba baada, na maneno: WAMEMPAKA PODA. Chini: Wiki moja tu tangu mjue ukweli. Wataficha nini kingine?

Lililoniuma ni kwamba tangazo hili lilisema kweli. Nyumba yangu ilipakwa poda. Nimekubaliana na adui kwenye daftari langu mwenyewe.

Mchana redioni wakamuuliza Mkandarasi. Akasema, "Mimi yule mzee namheshimu sana. Hizi ni siasa tu." Nikaizima redio. Mtu niliyemfundisha kuchanganya udongo anaongea kama anayekanyaga mayai.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Sikutoka. Sikutaka kuiona.

Alhamisi, 27 Machi

Kamati nzima ya binti yangu imejazana sebuleni kwangu, viatu mlangoni kama msikitini. Minara akaniletea karatasi. Ni jibu. Tangazo la ukurasa mzima, limeshapangwa, linasubiri kauli tu. Kanisomea kwa sababu herufi zilikuwa ndogo: MKANDARASI ACHEKA UKUTA WAKE MWENYEWE. Kisha maelezo kwamba ukuta ule mbaya, wa aibu, usio na lipu, ni kazi ya mikono yake, na kama alimjengea hivyo mwalimu wake, kata ataijengeaje.

Wote wakawa wananitazama mimi. Wana haki. Mimi ndiye shahidi. Nikisema ndiyo, kesho kata nzima inamcheka, na mikono ya mwanangu inakuwa safi tena. Nilitamani. Siandiki uongo humu, nilitamani mpaka mate yalinijaa mdomoni.

Nikamuuliza Minara, "Ukuta ule una kosa gani?"

"Hauna kosa, Baba, lakini..."

"Soma tena. Umeandika mbaya. Umeandika wa aibu."

"Watu hawajui tofauti."

"Mimi najua. Niliupima mwenyewe, nikampa mkono, nikamwambia nenda, wewe ni fundi. Sasa niseme ni mbovu kwa sababu anagombea?"

Katibu wa kamati, bwana mwenye miwani ya kamba, akasema kwa upole, "Mzee, huu ni uchaguzi. Tunaweza kushindwa kwa sababu ya ukuta."

"Basi shindweni. Ukuta haukuomba kura."

Nikaona wanamgeukia binti yangu, kwamba yeye amalize kazi. Alikuwa amekaa kwenye kibao cha jikoni, anang'ata kucha. Nilijua analotaka. Amezunguka mitaa kwa miguu tangu mvua ianze, nyayo zimevimba. Akaichukua ile karatasi, akaisoma yote, akaikunja mara nne, akampa mumewe.

"Baba hawezi kuusema vibaya, na mimi sitauandikia vibaya," akasema. "Nipe kalamu."

Akaandika jibu lake mwenyewe, maneno machache, nayanakili hapa kwa sababu ni mazuri: Nyumba ya baba yangu ilikwisha zamani. Lipu ilikuwa kosa letu. Jumamosi ijayo tunaitoa. Njooni mwone wenyewe.

Katibu akasema hiyo si siasa. Binti akasema, "Itatoka hivyo hivyo."

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta sukari.

Jumatatu, 31 Machi

Tangazo limetoka. Halina picha hata moja, maneno tu katikati ya ukurasa mweupe. Kinyozi kalibandika kwenye kioo chake, wateja wanajiona nusu uso.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua ilipumzika, kama iliyoambiwa.

Nilitegemea watu wachache. Barabara ilijaa. Walikuja akina mama na watoto mgongoni, walikuja wa magazeti, akaja yule mtu wa kamera kwa kujificha nyuma ya wenzake, nikamwita kwa kidole, nikamwambia leo nimevaa koti, piga.

Halafu wakaja wanafunzi wangu. Sikuwaita. Yule tuliyemwita Mrefu, ambaye sasa hata mimi namwona mfupi. Mama Kona, fundi wa kike wa kwanza mji huu, na mimi ndiye niliyemfundisha wakati wengine wanacheka. Wengine kutoka mbali na mifuko ya kazi begani. Waliokwisha kufa, wana wao wamekuja na nyundo za baba zao. Wakasimama kwenye mstari mbele ya nyumba.

"Shikamoo, Fundi," wakasema kwa pamoja.

Nikaitikia. Nikawaambia sheria ni ile ile: kila mtu na kipande chake, hakuna kugusa cha mwenzako. Nikakaa kwenye kiti.

Walitoa lipu kwa tindo na nyundo, taratibu, tofali lisijeruhiwe. Minara naye aliomba tindo. Hana kipande, nikampa cha marehemu mmoja asiye na mtoto. Kabla saa moja haijapita malengelenge yakampasuka viganjani, akafunga kitambaa, akaendelea. Simu zake alimpa kinyozi. Nilimtazama sana. Ana mkono mwepesi, angeanza mapema angefika mahali.

Mchana ukuta wote ukawa umerudi, mwekundu, una makovu meupe hapa na pale lakini umerudi. Isipokuwa kipande kimoja. Cha Mkandarasi. Kilibaki cheupe katikati, na watu wakaanza kuuliza, na mafundi wakaanza kujibu. Ndani ya dakika moja barabara nzima ilijua. Mrefu akanyanyua nyundo.

"Nimtolee, Mzee?"

"Mwache. Ni chake."

Ndipo mwandishi mmoja wa gazeti, macho kama ya kunguru, akaonyesha chini ya dirisha la jikoni. "Na hiki je? Mbona kimepinda?"

Watu wakageuka. Kipande kile kimepinda kweli. Kinaegemea nje unene wa kidole, na mistari yake inapanda kama inayotaka kuona juu ya dirisha. Mtu wa kamera akapiga, akapiga tena. Binti yangu alikuwa amesimama na kikombe cha maji, mikono ina vumbi la lipu. Katibu akanitazama akinisihi kwa macho niseme chochote, niseme ni tetemeko.

"Mzee," mwandishi akasema, "hiki nacho kilipita?"

"Hakikupita," nikamwambia. "Nilikikataa."

"Kilijengwa na nani?"

Mimi siwezi kuusemea ukuta uongo, hata huo. Nikafungua mdomo, lakini binti yangu aliniwahi.

"Na mimi," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilitaka kuwa fundi kama yeye. Aliweka timazi, akatikisa kichwa, akaniambia nitafute kazi nyingine. Nililia wiki mbili. Kisha nikaenda kusomea ukunga."

Kisha mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, "Afadhali ulipinda. Wangu huyu angepokewa na nani?"

Barabara ikaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, lakini nilikuwa namwangalia yule mtu wa kamera anavyorudisha kamera mkobani haraka. Nilijua picha ile inakwenda wapi.

Jumapili, 6 Aprili

Minara ameletewa habari. Picha ya ukuta uliopinda iko mikononi mwa watu wa Mkandarasi. Itatoka Jumanne, ukurasa wa nne. Maneno yenyewe ameyasikia: HATA BABA YAKE ALIMKATAA.

Binti hakula. Alikaa hapa mchana kutwa, anaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

"Ningesema ni tetemeko?" nikamuuliza.

"Thubutu," akasema.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua kubwa.

Jumanne, 8 Aprili

Kinyozi alivuka barabara kabla sijafungua dirisha. Nikamwambia asiongee, anipe tu. Nikavaa miwani. Nikafungua ukurasa wa nne.

Sabuni.

Mwanamke anafua, povu mpaka kwenye viwiko, anacheka. Nikageuza ukurasa, nikageuza mwingine, nikalirudia gazeti lote kama mtu aliyepoteza ufunguo. Sabuni tu.

Mchana redioni mpiga debe wa Mkandarasi alikuwa analalamika wazi wazi. Kasema tangazo lilikuwa limeshapangwa, na mgombea wao alikwenda gazetini mwenyewe, kwa miguu yake, akaliondoa, bila kumweleza mtu sababu. "Hatumwelewi," akasema. Mtangazaji akamuuliza Mkandarasi mwenyewe kwa simu. Akajibu, "Lile halitoki," akakata.

Nimekaa nalo neno hilo siku nzima. Halikuwa la mtu anayekanyaga mayai.

Jumapili, 13 Aprili

Nimepiga kura. Kituo kiko shule ya mtaa wa pili, foleni inapita mbele ya nyumba yangu, na kila mtu alipita akiuangalia ukuta. Nilikaa kwenye kiti, nimevaa koti, nikipokea salamu. Wengine wamenyoosha vidole kwenye kile kipande cheupe. Sikusema kitu. Nilitaka sana kusema.

Jumatatu, 14 Aprili

Ameshinda. Si kwa kishindo. Katibu anasema ni kwa kura za mtaa mmoja tu. Mtaa upi, nikamuuliza. Akacheka, akanipa mkono.

Yule mama wa wodini alikuja na mtoto wake. Alimkabidhi binti yangu, binti akamshika, mtoto akamtapikia kitambaa cha ushindi. Minara akapiga picha. Nimemwambia hiyo ndiyo ya gazeti.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua imekwisha. Jua la leo limekausha barabara mpaka vumbi limeanza.

Saa nne asubuhi gari likasimama. Akashuka Mkandarasi peke yake, hana kofia ngumu, hana wa kamera, mfuko wa kazi begani, ule ule wa turubai niliompa mimi. Kinyozi akatoka na wembe mkononi, mteja wake nusu kanyolewa, wakasimama wanatazama.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Umechelewa."

"Nimechelewa."

"Mbona hukuja Jumamosi ile na wenzako?"

"Ningekuja, magazeti yangekuja na mimi. Ingekuwa kampeni. Nimesubiri mpaka pasiwe na cha kupata."

Nikamwonyesha kipande. Akavua shati, akaanza kutoa lipu. Mwili umenenepa, lakini mkono haujasahau: tindo limelala, nyundo inagusa tu. Nilimwacha afike nusu.

"Ile picha yangu uliiona kabla haijatoka?"

Hakugeuka. "Niliiona. Walinipa na karatasi ya kusaini. Nilikuona umekaa, nikaona haya, nikasaini upesi ili nisikuone tena. Ukuta sikuutazama."

"Kazi ya mkono wako."

"Kazi ya mkono wangu."

Nilimfundisha mtu huyu miaka mitatu na sijawahi kumwona ameinamisha kichwa vile. Kushindwa uchaguzi hakukumfanya hivyo.

"Na sabuni?" nikamuuliza.

Hapo akacheka, vumbi la lipu kwenye nyusi. "Waliniletea picha ya ukuta wa dada. Huo niliutambua hapo hapo. Unakumbuka siku ile ulivyotoka na nyundo kubwa ukitaka kuubomoa?"

"Nakumbuka."

"Nilisimama katikati."

"Ulisimama. Nilitaka kukupiga wewe."

"Basi ukuta niliousimamia usibomolewe na nyundo, niutoe gazetini uwe nyundo? Niliwaambia wakitaka waweke sabuni."

Binti yangu alifika akitoka kazini, mtu kampigia simu, najua nani. Akasimama barabarani. Mkandarasi akafuta mikono kwenye suruali.

"Hongera, Diwani."

"Asante, kaka," akasema. Zamani alikuwa akimwita hivyo. "Daraja la sokoni linahitaji mtu anayejua kujenga. Utakuja tuzungumze?"

"Nitakuja. Ila mzee asije kulipima."

"Nitakuja kulipima," nikasema.

Alipomaliza nikatoa timazi. Sikuwa nimeitoa kwa ajili ya kipande hicho tangu siku aliyohitimu. Nikashikilia uzi juu, nikaiacha risasi ishuke, ikayumba, ikayumba kidogo, ikatulia. Uzi na ukuta, huoni nafasi ya unywele. Nikampa mkono.

Minara kauliza kama sasa tuunyooshe na ule wa chini ya dirisha. Tumemkatalia wote watatu kwa mara moja.

Hayo ndiyo ya masika haya, na sikuongeza chumvi. Asiyeamini amwulize kinyozi, aliyekuwepo kila siku isipokuwa anapoiba bao. Amwulize mkwe wangu, aonyeshe viganja. Amwulize Diwani, ukuta wake uko chini ya dirisha la jikoni. Amwulize Mkandarasi, safari hii ukuta wake ameutazama. Na akiwakosa wote, aje na timazi.